Mwanangu ana kifafa: ni kweli anaweza kulala asiamke?

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 19. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka 11. Anatumia dawa lakini bado huanguka mara nne au tano kwa mwaka, na mara nyingi ni usiku. Nimesikia kwamba mtu mwenye kifafa anaweza kulala mzima asiamke. Miaka yote hii ya kliniki hakuna aliyewahi kunitamkia jambo hilo. Ni kweli? Nimwambie, au ninyamaze nisimtie hofu? Sasa anataka kulala peke yake chumbani, na mwakani ataondoka nyumbani kwenda masomoni. Nifanye nini?

JIBU: Ni kweli, mama. Kifo cha namna hiyo kipo na kimechunguzwa kwa miaka mingi. Kinaitwa kifo cha ghafla kisichotarajiwa katika kifafa, na madaktari hukifupisha kwa herufi SUDEP. Ulistahili kuambiwa zamani. Wahudumu wengi hunyamaza wakidhani wanamwepusha mgonjwa na hofu, kumbe wanamnyima habari ambayo angeifanyia kazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya hatari hii inapunguzika. Kwa hiyo mwambie. Namna ya kumwambia nitaifikia. Kwanza elewa wewe mwenyewe kinachotokea, maana hatua zote za kumkinga zinatokana na hapo.

Tunasema ni SUDEP pale mtu mwenye kifafa, ambaye hakuwa na hali mbaya nyingine, anapofariki ghafla bila kuumia, bila kuzama majini, bila kuwa kwenye mshtuko mrefu wa kifafa usiokatika, na uchunguzi wa maiti usipokuta sumu wala ugonjwa mwingine uliomuua. Mara nyingi hakuna aliyeshuhudia. Mtu hukutwa kitandani asubuhi, wengi wao wamelala kifudifudi, wengine wakiwa wameuma ulimi au wamelowa mkojo, dalili kwamba kifafa kilimshika usiku.

Kwa watu wazima, kifo hiki humpata takriban mtu 1 kati ya kila watu 1,000 wenye kifafa kwa mwaka. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2017 ulikadiria kwa watoto 1 kati ya 4,500, ingawa tafiti za baadaye, za Sweden na Kanada, zimeonyesha kwamba kwa watoto nao hatari inakaribia ile ya watu wazima. Lakini hiyo 1 kwa 1,000 ni wastani tu, na wastani huu unachanganya watu wasiofanana hata kidogo. Mtu ambaye hajaanguka kwa miaka kadhaa yuko chini sana ya hapo. Mtu ambaye kifafa chake ni cha kuduwaa sekunde chache kisha akaendelea na shughuli zake, naye yuko chini sana. Hatari imejikusanya kwa wale wanaopata mshtuko mkubwa wa mwili mzima, ule ambao mtu hupoteza fahamu, hukakamaa, kisha mikono na miguu hutupwatupwa. Anayepata mishtuko hiyo mara tatu au zaidi kwa mwaka ana uwezekano wa kufariki hivi mara 15 hivi kuliko asiyeipata kabisa.

Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020 uliongeza jambo linalokuhusu moja kwa moja. Aliyepata mshtuko mkubwa ndani ya mwaka uliotangulia alikuwa kwenye hatari mara 27 zaidi. Aliyepata mishtuko hiyo na pia kulala chumba ambacho hakuna mwingine, hatari yake ilifika mara 67, akilinganishwa na yule asiyeipata na ambaye halali peke yake. Kwa maelezo yako, kijana wako yuko kwenye kundi hili la juu: mishtuko mikubwa, zaidi ya mitatu kwa mwaka, tena usiku. Sikufichi, kwa sababu kundi hilohilo ndilo lenye mengi ya kubadilisha.

Nini hasa huua? Jibu bora tulilonalo lilitoka mwaka 2013, pale watafiti walipokusanya kumbukumbu za wagonjwa waliofariki wakiwa wamelazwa kwenye vitengo vya uchunguzi wa kifafa, wengine wakiwa wamefungwa vipimo vya ubongo, moyo na pumzi. Vifo vilivyorekodiwa kwa ukamilifu vilifuata mkondo mmoja. Mshtuko mkubwa ulikwisha, mgonjwa akapumua haraka kwa muda mfupi, halafu ndani ya dakika 3 pumzi na mapigo ya moyo vikavurugika pamoja. Wengine pumzi zilikatika hapohapo moja kwa moja. Wengine walirudi kidogo kisha pumzi zikafifia na kukatika ndani ya dakika 11 tangu mshtuko uishe. Moyo ulisimama baada ya pumzi kukoma. Yaani baada ya mshtuko mkali ubongo hubaki umezimika kwa muda, na kwa wachache sehemu ya shina la ubongo inayoamuru kupumua nayo huzimika. Mtu mwenye afya akikosa hewa usingizini huamka au hugeuza kichwa. Huyu hawezi, na kama uso umezama kwenye mto hali huwa mbaya zaidi.

Hapo utaona mambo matatu. Bila mshtuko mkubwa, kifo hiki ni nadra sana. Kinatokea baada ya mshtuko kuisha, wakati watu wengi hudhani hatari imepita na kumwacha mgonjwa "apumzike". Na kuna dakika chache ambazo mtu aliye karibu anaweza kuokoa maisha: katika kumbukumbu hizohizo, waliohudumiwa ndani ya dakika 3 ndio waliokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kurudi.

Basi kazi ya kwanza, na inayozidi zote, ni kukata mishtuko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa na kuitumia ipasavyo. Kuanguka mara nne au tano kwa mwaka si jambo la kuzoea. Nasisitiza hili kwa sababu familia nyingi, na kliniki nyingi pia, huridhika: "alikuwa anaanguka kila wiki, sasa ni mara chache tu." Ni maendeleo ndiyo, lakini lengo ni sifuri.

Tazama kwanza dawa zenyewe. Je, anazimeza zote, kila siku, saa ileile? Uliza bila kumkaripia, maana kijana wa miaka 19 akishakaripiwa atakudanganya. Sababu za kuruka dozi huwa za kueleweka: dawa humpa usingizi darasani, anaona aibu kumeza mbele ya wenzake, zimeisha na siku ya kliniki haijafika, au anahisi amepona. Dawa nyingine hubadilisha tabia. Levetirasetamu, kwa mfano, huwafanya baadhi ya watu wawe na hasira au huzuni nzito, na vijana huiacha kimyakimya bila kumwambia mtu. Tatizo la namna hiyo lina dawa yake: daktari hubadilisha taratibu, akipunguza moja huku akiongeza nyingine. Kuacha ghafla ni hatari kubwa, hasa fenobabitali, kwa kuwa mwili uliozoea dawa hiyo hujibu kwa mishtuko mikali inayofuatana. Akisahau dozi, kwa kawaida aimeze mara anapokumbuka, isipokuwa kama saa ya dozi inayofuata imekaribia. Asimeze mbili kwa pamoja bila kuelekezwa. Kutapika, kuharisha, na dawa za magonjwa mengine pia huvuruga kiwango cha dawa mwilini. Rifampisini inayotumika kutibu kifua kikuu hupunguza nguvu ya dawa kadhaa za kifafa. Kwa hiyo kila anayemwandikia dawa ajue ana kifafa.

Kama anameza vizuri na bado anaanguka, basi dozi haitoshi au dawa si yake. Dozi iliyomfaa akiwa na miaka 11 na uzito wa mtoto haiwezi kumtosha akiwa mtu mzima, na ninyi mkiangalia cheti mtashangaa ni mara ngapi haijaguswa. Kuna pia aina za kifafa ambazo dawa fulani huzichochea badala ya kuzituliza. Mfano ni kifafa kinachoanza wakati wa ujana, ambacho asubuhi mikono hushtuka yenyewe, mtu akaangusha kikombe au mswaki, na mshtuko mkubwa humjia akiwa amekosa usingizi. Hicho dawa iitwayo kabamazepini inaweza kukizidisha. Ndiyo maana maelezo yenu ni kipimo kikubwa kuliko mnavyodhani. Wekeni daftari: tarehe, saa, alikuwa amelala au macho, mshtuko ulidumu dakika ngapi, ulianza upande gani, alikuwa ameruka dozi, alikesha, alikunywa pombe, alikuwa na homa. Na mtu wa pili akiwapo, arekodi video kwa simu. Video ya dakika moja humwambia daktari mambo ambayo maneno hayawezi.

Dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kupewa dozi ya kutosha zikishindwa, hicho huitwa kifafa sugu, na uwezekano wa dawa ya tatu kumaliza mishtuko ni mdogo. Hapo msizungushwe mwaka baada ya mwaka. Ombeni rufaa kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu ili achunguzwe kama upasuaji unafaa, au kifaa cha kusisimua mshipa wa fahamu wa shingoni, au mlo maalumu wa mafuta mengi na wanga kidogo unaosimamiwa na wataalamu. Hata kuongeza dawa kwa mgonjwa sugu kuna thamani: uchambuzi wa majaribio ya dawa uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliopewa dawa ya nyongeza kwa dozi yenye nguvu walikufa kwa SUDEP mara saba pungufu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Sasa usiku. Kuna uwezekano anaanguka zaidi ya mnavyojua, kwa hiyo angalieni dalili za asubuhi: ulimi au shavu kuumwa kwa ndani, damu kwenye mto, shuka kulowa, misuli kuuma kama aliyebeba mizigo, kichwa kizito, kuchanganyikiwa, vidoti vyekundu kuzunguka macho. Zote ziingie kwenye daftari.

Kulala chumba kimoja na mtu mwingine kunaonekana kupunguza hatari, pengine kwa sababu mwenzake huamka, humgeuza na kumwamsha. Si lazima awe wewe. Ndugu yake anayejua la kufanya anatosha, na kwa kijana ni heshima zaidi. Akikataa kabisa kushiriki chumba, mnaweza kukubaliana mlango usifungwe kwa ufunguo, chumba kiwe karibu, na kiwepo kifaa cha kusikilizia kama vile vya watoto wachanga. Zipo pia saa za mkononi na vihisi vya godoro vinavyotambua mtikisiko wa mshtuko mkubwa na kupiga king'ora kwenye simu ya mtu mwingine. Husaidia, ila havijathibitishwa kuzuia kifo, vinaweza kulia bure au kukosa mshtuko, na havina maana kama anayepata king'ora yuko mbali nusu saa. Mito inayouzwa kwa sifa ya kupitisha hewa haijathibitishwa pia, kwa hiyo usiweke moyo wako hapo. Alale kwa ubavu au chali akiweza, lakini msihangaike kumgeuza usiku kucha, maana mshtuko wenyewe humgeuza mtu kifudifudi. Usingizi wa kutosha una faida kubwa zaidi. Kukesha na ulevi ni vichocheo viwili ambavyo vijana hukutana navyo pamoja, usiku mmoja, na mara nyingi ndio usiku ambao dozi nayo imesahauliwa.

Kila anayelala karibu naye ajifunze hatua zifuatazo mpaka aweze kuzifanya gizani.

Mshtuko ukianza, tazama saa. Ondoa vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola. Usimkandamize viungo. Usimtie chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si maji, si dawa ya kumeza: ulimi haumezeki, lakini meno huvunjika na maji huingia mapafuni. Midomo inaweza kuwa ya bluu wakati anatikisika, na mara nyingi rangi hurudi mshtuko ukiisha. Mshtuko ukipita dakika 5, au wa pili ukianza kabla hajapata fahamu, ita msaada wa dharura. Kama daktari amewapa dawa ya dharura ya kupenyeza shavuni, puani au njia ya haja kubwa, ndio wakati wake, kwa kipimo alichoandikiwa.

Mtikisiko ukikoma, kazi ndiyo kwanza imefika pale penye hatari. Mgeuze alale kwa ubavu mara moja, uso ukiwa huru, kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa iwe wazi na mate yatoke. Mwite kwa jina, msugue bega, mguse. Kaa naye. Tazama kifua kinavyopanda na kushuka kwa robo saa nzima angalau, na usiondoke hadi akujibu kwa akili timamu. Kukoroma kwa nguvu baada ya mshtuko ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni kifua kutulia, au kutweta mara moja moja kwa mapengo marefu, kama mtu anayekata roho. Huko si kupumua. Angalia na sikiliza kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hapumui, mlaze chali sakafuni, piga kelele mtu mwingine aite msaada, na anza kusukuma kifua: viganja viwili katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa ampulizie pumzi 2 baada ya kila misukumo 30. Asiyefundishwa asukume tu bila kuacha. Mafunzo haya ni ya saa chache, na ningependa wewe, ndugu zake na wenzake wa chumbani wa baadaye myapate.

Kumwambia. Ana miaka 19, ugonjwa ni wake, na kama hajui atakutana na habari hii kwenye simu akiwa peke yake usiku. Pengine ameshakutana nayo. Chagua saa ya utulivu, si mara tu baada ya kuanguka na si katikati ya ugomvi wa dawa. Mweleze kwa maneno machache: "Kuna hatari ambayo hatukuambiwa. Si ya kawaida. Kati ya watu wazima 1,000 wenye kifafa, 999 haiwapati kwa mwaka. Lakini inawapata zaidi wanaopata mishtuko mikubwa kama yako, na tukiizuia mishtuko hatari inashuka. Nataka tupange pamoja." Kisha nyamaza umsikilize. Usiitumie habari hii kama fimbo ya kumchapia kila anaposahau kidonge. Hofu ya kila siku huwafanya vijana wafiche mishtuko, na mshtuko uliofichwa hautibiki. Akionyesha huzuni isiyoisha, akose usingizi kwa woga, au azungumzie kutotaka kuishi, hilo ni la kumwona daktari upesi, kwa kuwa sonona ni ya kawaida kwa wenye kifafa na inatibika.

Wazazi wa mwigizaji wa Marekani Cameron Boyce, aliyefariki usingizini Julai 2019 akiwa na miaka 20, walichagua kusema hadharani kwamba ilikuwa SUDEP, na wakaanzisha taasisi ya kuelimisha watu kuhusu kifafa. Kila mwaka mwezi Oktoba mashirika ya kifafa huadhimisha siku ya kuhamasisha kuhusu kifo hiki. Uwazi huo una faida ya vitendo. Vifo vingi vya namna hii huandikwa kuwa moyo ulisimama au amekosa hewa, na familia hubaki ikijilaumu au ikitafuta mkosaji. Msipoficha kifafa kwa ndugu, walimu na wenzake, mnamwongezea watu wanaoweza kumgeuza kwa ubavu.

Kuhusu masomo, nisingekushauri umzuie kwenda. Aombe mapema chumba cha watu wawili, na mwenzake aambiwe ukweli kabla hajahamia, sio baada ya mshtuko wa kwanza. Abebe dawa za ziada za wiki mbili hivi ili foleni au safari isimkatishe, kengele ya simu imkumbushe, na kliniki ya huko ipate nakala ya maelezo yake kabla hajafika. Aoge kwa bomba la mvua bila kufunga mlango kwa komeo, asiogelee bila mtu anayejua hali yake. Kuzama majini si SUDEP, lakini nako huua wenye kifafa.

Kabla ya hayo yote, usisubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Peleka daftari na video wiki hii, kijana mwenyewe akiwepo, na muulize daktari: kifafa chake ni cha aina gani? Dozi hii ni ya uzito wake wa sasa? Amefikia hatua ya kuitwa sugu, na kama ndiyo, rufaa inakwenda wapi na lini? Anahitaji dawa ya dharura nyumbani? Tafadhali tuambie hatari yake ya SUDEP ikoje. Daktari akikwepa hilo la mwisho, rudia swali.